Naomba Picha

Anaingia kwa ubavu, kama mlango ni mwembamba,
mkono mmoja kiunoni, wa pili umeshika daftari la kliniki
lililofungwa kwa mpira wa baiskeli.
Hakai. "Kukaa ndiko kunakoniua, daktari. Naomba picha."

Vumbi la Ntyuka limemkaa kwenye nyusi.
Bi Mbeleje Chilewa, miaka hamsini na miwili,
mponda kokoto.

Namwacha asimame. Nami nasimama.
Nje foleni inakohoa,
na upepo wa Julai unagonga dirisha lisilo na komeo.
Homa za jioni? Jasho la usiku, la kulowesha shuka?
Umekonda, gauni limekuwa la mtu mwingine?
Mkojo unatoka unapoutaka, au unajitokea?
Ukikaa, unakihisi kigoda,
au pamekufa ganzi huko tusikokutaja?

"Huko kuko hai, mwanangu." Anacheka,
kisha uso unakunjika: kucheka nako kunauma.

Hajui kwa nini nauliza polepole.
Mwaka wangu wa kwanza, Kongwa, alikuja mchunga ng'ombe.
Nikampa vidonge. Akarudi, nikampa vidonge.
Mara ya tatu aliletwa kwa mkokoteni,
kifua kikuu kimezila pingili zake
kama mchwa alavyo nguzo, kimya, kutoka ndani.
Tangu hapo maswali haya siyasomi ukutani.

Nagonga goti: mguu unaruka.
Simama kwa visigino. Haya, kwa vidole.
Anavuka chumba changu akinyata kama mwizi wa sukari.
Nguvu ipo.

"Picha itatuonyesha mifupa ya mtu aliyefanya kazi," namwambia.
"Hata yangu ingekuwa hivyo, nami leo siumwi."
Hapendi. Jirani yake alipigwa picha,
akaitundika juu ya kitanda kama kalenda,
na tangu siku hiyo hainami kuokota hata kijiko.
Namwambia ndicho ninachokiogopa.
Bado hapendi.

Nanyamaza. Kimya nacho ni kipimo, tena hakina bei.
"Usiku unalalaje?"
"Silali. Namgeuza Ndahani."

Mumewe. Kiharusi, tangu mvua za mwaka juzi;
upande mmoja umekuwa gunia la mtama.
Mara nne kila usiku anamnyanyua kutoka mkekani,
na hakuna aliyemwonyesha namna.
"Mawe yana nafuu," anasema. "Mawe hayaoni haya."

Navua koti jeupe. Napanda kitanda cha wagonjwa,
nalegeza mkono mmoja.
"Mimi ndiye Ndahani. Niinue."
Nesi Penina anachungulia, anafunga mlango.

Kunja magoti. Mvute karibu. Karibu zaidi,
kama mlipokuwa vijana.
Usimnyanyue kwa kiuno; mviringishe kwanza,
miguu yake ishuke, uzito uje wenyewe.
Mara ya tatu najikuta nimekaa, sijui nimekaaje,
shavu langu begani pake, panaponuka moshi na mawe.
Anabaki amenishika. Mabega yanamtikisika.
Foleni inakohoa. Iache ikohoe.

Daftarini naandika: maumivu ya kiuno, hakuna dalili za hatari.
Dawa ya maumivu, siku tano. Atembee, asishinde kitandani.
Kijana wake, Yaledi, aje Alhamisi, afunzwe kumgeuza baba.
Daftari halina mahali pa kuandika mengine.

Mlangoni anageuka:
"Na picha?"
"Wiki sita. Ukiwa bado hivi, tutaongea.
Mguu ukilegea, njoo usiku huohuo."
Anatikisa kichwa, si ndiyo, si hapana.

Dirishani namwona amesimama ng'ambo ya barabara,
chini ya bango la rangi nyekundu: PICHA HAPA, BEI POA.
Anafungua pindo la khanga, anahesabu noti,
anazihesabu tena.
Sikuona alikata kona ipi.
Mgonjwa mwingine alikuwa ameshaingia,
kwa ubavu, mkono kiunoni.